Kuishi na Stoma: Kila Kitu Huanzia Kwenye Tundu la Mfuko

Stoma ni ncha ya utumbo iliyotolewa nje ya tumbo kwa upasuaji, ili kinyesi kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko. Mfuko hushikwa kwenye ngozi na kibandiko, bamba la gundi lenye tundu la kupitisha stoma. Stoma yenyewe haina neva za maumivu. Ukiigusa hutahisi maumivu, na ikitoa damu kidogo unapoifuta, hilo ni la kawaida. Kinachoumia ni ngozi inayoizunguka. Kinyesi cha ileostomi, kwa kuwa kinatoka utumbo mwembamba, bado kina vimeng'enya vya chakula, navyo vikikaa juu ya ngozi kwa saa chache huanza kuichubua. Cha kolostomi, kinachotoka utumbo mpana, ni kizito zaidi na hakina ukali huo, ila nacho kikipenya chini ya kibandiko kitaleta vidonda.

Kwa hiyo kipimo cha tundu la kibandiko ndicho cha kwanza kujifunza. Baada ya upasuaji stoma huwa imevimba, kisha husinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Tundu lililoenea vizuri ulipotoka hospitali litakuwa kubwa mno mwezi unaofuata, na hapo ndipo wengi hudhani wamepewa mifuko mibovu. Katika kipindi hicho pima kila wiki kwa kadi ya vipimo, na ukate tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likizidi hapo, ngozi inabaki wazi. Likibana, ukingo wake utaikwaruza stoma. Kama stoma si duara, chora umbo lake kwenye karatasi ngumu na uitumie kama kiolezo.

Badilisha mfuko asubuhi kabla ya kula, maana stoma huwa imetulia. Mingi hukaa siku 3 au 4. Ile ya kolostomi isiyofunguka chini hubadilishwa kila inapojaa. Andaa kwanza mfuko uliokwisha kukatwa, maji ya uvuguvugu, vitambaa laini vikavu na mfuko wa taka. Bandua kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja ukibonyeza ngozi na mwingine ukivuta taratibu. Kabla ya kutupa, kigeuze kibandiko ukitazame nyuma. Kinyesi kilipopita huacha alama, nayo itakuonyesha upande unaovuja. Mara nyingi upande huo una mkunjo wa ngozi, na mkunjo hujitokeza zaidi ukikaa kuliko ukisimama, kwa hiyo itazame ngozi ukiwa umekaa. Palipobonyea pajazwe kwa pete laini ya kuzibia kabla ya kubandika.

Osha kwa maji matupu. Sabuni zenye mafuta, na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, huacha utando unaoizuia gundi kushika. Kausha kwa kugusagusa. Ngozi ikiwa imechubuka na inatoa majimaji, nyunyiza poda ya stoma mahali hapo tu, kisha pangusa inayobaki. Ikizidi, kibandiko hakitashika. Bandika kutoka chini kupanda juu, halafu funika kwa kiganja kwa dakika moja hivi, kwa sababu gundi hii hushika vizuri ikipata joto la mwili.

Ukihisi mwasho au kuungua chini ya kibandiko, badilisha saa hiyo hiyo, hata kama ulikibandika jana. Kupachika plasta juu ya uvujaji ni kufungia kinyesi ndani.

Mfuko wa kufunguka chini umwage ukifika theluthi moja au nusu. Uzito unaozidi hapo huvuta kibandiko. Tandaza karatasi ya chooni kwenye bakuli la choo ili kinyesi kisiruke, na ufute mdomo wa mfuko kabla ya kuufunga. Harufu unapomwaga ni kawaida. Harufu wakati mwingine wowote ina maana kuna mahali panapovuja.

Wa ileostomi wajihadhari na upungufu wa maji na chumvi. Kinachotoka kikizidi lita 1.5 kwa siku, maji matupu peke yake hayasaidii na yakinywewa kwa wingi huongeza kuharisha. Tumia ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), au changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo, unywe kidogo kidogo. Mkojo mchache wa rangi nzito na kizunguzungu unaposimama ni ishara za kumwona daktari. Dawa za kulainisha choo usiziguse kabisa, na umwambie mfamasia kwamba una ileostomi, kwani vidonge vya kuyeyuka polepole vinaweza kutoka vizima.

Karanga, mahindi, uyoga na nyuzi za machungwa huweza kuziba ileostomi. Ziache wiki 6 za mwanzo, kisha zirudishe moja moja, kwa kiasi kidogo, ukitafuna hadi ziwe laini kabisa. Stoma isipotoa kitu kwa saa 4 hadi 6 na tumbo likasokota au ukatapika, nenda hospitali. Nenda pia bila kungoja stoma ikigeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, maana damu haiifikii.

Kuoga unaweza, ukiwa na mfuko au bila mfuko. Kunyanyua mizigo subiri hadi daktari aruhusu, maana misuli ya tumbo iliyotobolewa hupata ngiri kwa urahisi; ukikohoa, ishikilie stoma kwa kiganja. Ukisafiri, beba mifuko mara mbili ya unayotarajia kutumia, ikiwa imekatwa tayari kwa sababu mkasi huenda ukakataliwa ndani ya ndege, na usiiache kwenye gari juani: gundi huyeyuka.