Somo: Laptop imekuja bila diski ya Windows. Tengeneza flashi mbili mapema

Fungua boksi la laptop mpya ya HP, Dell, Lenovo au Acer. Utakuta chaja na vikaratasi vya dhamana, basi. Diski ya Windows haimo, na si kwamba imesahaulika. Kwa zaidi ya miaka 20 watengenezaji wakubwa wamekuwa wakitoa diski ya kurejeshea badala ya Windows kamili. Baadaye hata hiyo wakaiondoa, wakaificha kwenye patisheni (fungu la diski) ndani ya diski kuu ileile unayotumia kila siku. Ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba: diski ikifa, na dawa yake imekufa.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Windows kamili ni ile yenye setup. Inakuuliza lugha, inakuonyesha patisheni zote, unachagua pa kuiweka, na inaingia kwenye mashine ya kampuni yoyote. Diski ya kurejeshea ni picha ya laptop ilivyotoka kiwandani: Windows, draiva zake (programu zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi), na ile antivirusi ya majaribio inayokusumbua baada ya siku 30. Haikuulizi mengi. Mara nyingi inafuta kila kitu na kumwaga picha yake. Tena inakagua mashine: enzi za XP ilikuwa inasoma jina la mtengenezaji kwenye BIOS (programu ya ndani ya mashine inayotangulia Windows), likiwa si lenyewe inagoma.

Ulichonunua hasa ni leseni, na leseni haikai kwenye diski. Kwenye Windows 7 kuna stika yenye herufi na tarakimu 25 chini ya laptop. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, kila mashine inaandikiwa namba yake ndani ya chipu ya ubao mama, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Ukibadilisha diski, namba inabaki. Ukibadilisha ubao mama, ndipo matatizo yanapoanza.

VINAVYOHITAJIKA
Flashi ya GB 32, flashi ya GB 8 au zaidi, na diski ya nje ya kuhifadhi mafaili yako. Flashi ya kwanza haili bando kabisa. Ya pili itakula zaidi ya GB 4, kwa hiyo tafuta mtandao wa maana.

HATUA YA 1: Jua ulicho nacho
Fungua Command Prompt kwa kuchagua «Run as administrator», kisha andika:

reagentc /info

Ikisema Enabled, mazingira ya ukarabati yapo. Halafu fungua Disk Management utazame ukubwa wa patisheni. Hapa wengi hudanganyika. Patisheni ya MB 500 hadi GB 1 iliyoandikwa Recovery si Windows. Ni kisanduku cha huduma ya kwanza tu. Picha ya kiwandani huanzia kama GB 10 kwenda juu. Laptop nyingi za sasa hazina kabisa hiyo picha kubwa: Windows 10 na 11 hujijenga upya kutoka kwenye mafaili yao yenyewe, na hayo nayo yako kwenye C ileile.

HATUA YA 2: Toa namba ya leseni
Kwenye PowerShell:

(Get-WmiObject -Query 'select * from SoftwareLicensingService').OA3xOriginalProductKey

Itatoka namba ya mafungu matano. Iandike kwenye karatasi. Ikija tupu, mashine haina namba kwenye chipu. Huenda ni ya enzi za stika. Amri ya wmic iliyozoeleka haimo tena kwenye Windows 11 mpya, msihangaike nayo.

Kisha andika slmgr /dli. Ukiona OEM_DM, leseni ni ya kiwandani. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptop ya nyumbani, ama ilikuwa ya ofisi ama fundi ameipiga Windows ya kuunga-unga. Kwa wanaonunua laptop za mtumba, amri hii ipigwe dukani kabla hujatoa hela.

HATUA YA 3: BitLocker (kufuli la diski)
Kwenye Command Prompt ya hatua ya 1:

manage-bde -protectors -get C:

Ukiona namba ya kurejeshea yenye tarakimu 48, inakili nje ya kompyuta. Laptop nyingi zinajifunga zenyewe mara unapoingia na akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Siku utakapogusa mipangilio ya BIOS, skrini ya bluu itaidai.

HATUA YA 4: Okoa draiva
Chomeka diski ya nje; tuseme ni D. Tengeneza folda kwanza, la sivyo amri inakataa:

mkdir D:\draiva
pnputil /export-driver * D:\draiva

Usiiruke. Windows safi ikiingia bila draiva ya Wi-Fi, huna mtandao wa kupakulia draiva ya Wi-Fi. Ukishamaliza kupiga Windows, unafungua Device Manager, «Update driver», unaielekeza kwenye folda hiyo.

HATUA YA 5: Flashi ya kwanza, ya kurejeshea
Kwenye Start andika RecoveryDrive. Weka tiki kwenye «Back up system files to the recovery drive». Bila tiki hiyo utapata flashi ya ukarabati tu, isiyo na Windows ndani. Flashi itafutwa yote. Kazi hii ni ya saa nzima au zaidi. Kwa flashi ya USB 2.0, iache ukale chakula cha mchana urudi. Asilimia zikiganda mahali pamoja kwa muda, usichomoe.

Kisanduku cha tiki kikiwa cha kijivu, andika reagentc /enable halafu ujaribu tena.

Njia nyingine ni programu za watengenezaji wenyewe: HP Cloud Recovery Tool, Dell OS Recovery Tool, na huduma ya Lenovo ya kupakua picha. Unaingiza namba ya utambulisho wa mashine yako iliyo kwenye stika ya chini, wanakupa picha yake. Hizi zinaweza kufanyiwa kwenye kompyuta nyingine, hivyo zinafaa hata kama laptop haiwaki.

HATUA YA 6: Flashi ya pili, Windows kamili
Pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, chagua flashi, subiri. Ukitaka kupakua ISO (faili moja lenye Windows nzima) na kutumia Rufus (programu ya kuiandika kwenye flashi), hakiki faili kwanza:

certutil -hashfile Windows.iso SHA256

Linganisha na namba inayotolewa kwenye ukurasa wa kupakua. ISO ya kupewa mkononi kwenye flashi ya mtu haina uhakika huo.

Ukijaribu kunakili mafaili ya ISO kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, install.wim (faili kuu la Windows) itakataa, kwa sababu FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Unalikata vipande, hapa E ni ISO iliyofunguliwa na F ni flashi:

dism /Split-Image /ImageFile:E:\sources\install.wim /SWMFile:F:\sources\install.swm /FileSize:3800

HATUA YA 7: Zijaribu zote mbili leo
Chomeka flashi, washa laptop huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kisha chagua flashi. HP: Esc kisha F9. Dell na Lenovo: F12. Acer: F12 pia, ila mara nyingi uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Asus: Esc. Ukifika kwenye skrini ya lugha, inatosha. Funga, chomoa flashi. Flashi ambayo haijawahi kubuti (kuwasha mashine) usiihesabu kuwa ipo.

PANAPOKWAMA
Kubwa la siku hizi: setup inafika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu. Diski haijafa. Kwenye laptop nyingi za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, diski iko nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD, na Windows safi inaweza kukosa draiva yake. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka ukurasa wa modeli yako, ifungue iwe mafaili ya .inf, iweke kwenye flashi, halafu bonyeza «Load driver». Diski inajitokeza papo hapo. Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS. Inafanya kazi kama unafuta kila kitu, ila ukiizima ukiwa na Windows iliyopo, Windows hiyo inaweza isiwake tena.

La pili: ujumbe kwamba diski ina jedwali la MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni). Bonyeza Shift+F10, andika diskpart, list disk, itambue diski kwa ukubwa wake, select disk na namba yake, clean, convert gpt. Neno clean linafuta diski nzima, halina kurudi nyuma. Chomoa diski ya nje kabla ya kuliandika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nina laptop ya mtumba kutoka Ujerumani. Nikibonyeza F11 inarejesha Windows ya Kijerumani tupu. Leseni itakubali Kiingereza?

Jibu: Itakubali. Namba ya kwenye chipu inafuata toleo, yaani Home au Pro, haifuati lugha. Tumia flashi ya pili ya Kiingereza. Setup itasoma namba yenyewe. Angalia kama ni «Home Single Language»: hiyo haikuruhusu kuongeza lugha baadaye, kwa hiyo chagua lugha sahihi tangu mwanzo. Na kibodi ya Kijerumani ina Z mahali pa Y. Ukiipanga kuwa ya Kimarekani, nywila yenye herufi hizo uiandike kwa kufuata mpangilio mpya, si kilichochapwa kwenye kitufe.

Swali: Nina DVD nne za kurejeshea za Windows 7, nilizichoma kwenye laptop yenyewe. Ya tatu inafika asilimia fulani inagoma. Naweza kuiruka niweke ya nne?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Picha ni moja, imekatwa vipande. Kimoja kikikosekana vingine havina maana. Futa DVD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kisha ujaribu kuinakili kwa kisomaji kingine, maana visomaji hutofautiana. Ikishindikana, tumia Windows 7 kamili ya toleo lilelile na namba ya kwenye stika. Namba iliyokuwa ndani kutoka kiwandani ni tofauti na ya stika, kwa hiyo usishangae ukidaiwa kuiwasha leseni kwa simu. Ila Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, usiifanyie mambo ya benki.

Swali: Nimetoa diski ya TB 1 nikaweka SSD ya GB 240. Diski za kurejeshea zinasema diski ni ndogo, wakati Windows yenyewe ni GB 40 tu.

Jibu: Nyingi za zamani hazipimi kilichojaa, zinapima ukubwa wa diski na patisheni za awali. Usihangaike nazo, piga Windows kamili, kisha draiva za hatua ya 4.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama: Somo zuri, ila kuna kitu kimerukwa. Kama namba ya kwenye chipu ni ya Windows 8, haitawasha Windows 10 au 11 safi siku hizi. Microsoft walifunga njia hiyo Septemba 2023.

Jibu: Sahihi kabisa kaka, asante. Isipokuwa mashine iliyokwisha kupandishwa kabla ya hapo: hiyo ina leseni ya kidijitali kwenye seva zao. Piga toleo lilelile, kwenye kuulizwa namba chagua «I don't have a product key», na itajiwasha ikipata intaneti.

Swali: Kwa hiyo nikishakuwa na flashi zote mbili, patisheni ya kiwandani naweza kuifuta nipate nafasi?

Jibu: Ile kubwa, ndiyo, baada ya flashi ya kwanza kubuti na kuonyesha «Recover from a drive». Ile ndogo ya MB mia kadhaa iache. Disk Management mara nyingi haikupi kitufe cha kufuta; ni diskpart, select partition, delete partition override. Soma namba ya patisheni mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.