Kugeuza Friza ya Kulala Kuwa Mashine ya Bia ya Bomba

Usitoboe ukuta wa friza. Ndani yake mmepita mirija ya gesi ya kupozea isiyoonekana, na ukiipasua kwa keekee friza imekufa. Ndiyo sababu bomba hufungwa kwenye fremu ya mbao inayokaa kati ya friza na mfuniko wake.

Kabla ya kununua friza, kata duara za boksi zenye kipenyo cha sentimita 23, uzipange ndani yake uone kegi (mapipa ya chuma ya bia) ngapi zitaingia. Kegi ya lita 19 ina urefu wa kama sentimita 65. Kile kibaraza kilicho juu ya kompresa kiachie mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi inayosukuma bia.

Chomoa umeme, kisha fungua bawaba mfuniko ukiwa wima na mtu wa pili ameushika, kwa kuwa springi zake ni kali. Tengeneza fremu kwa mbao za inchi 2 kwa 8, zifuate ukingo wa friza. Pima mishazari yote miwili: isipolingana, fremu imekaa upande na mfuniko utavujisha baridi. Paka vanishi, igandishe ukingoni mwa friza kwa silikoni, uache saa 24, ndipo urudishe bawaba juu ya mbao. Upande wa ndani bandika sponji ngumu ya kuzuia joto, unene wa sentimita 2.5. Matundu ya bomba yawe ya milimita 22, yaachane kama sentimita 10.

Friza ikiachwa yenyewe itagandisha bia. Ichomeke kwenye kidhibiti joto cha nje, ukiweke nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi, na kompresa isubiri dakika 5 kabla ya kuwaka tena. Sensa ya kidhibiti hicho ifunge kwa tepu ubavuni mwa kegi, uifunike kwa sponji. Ikining'inia hewani, kila ukifungua mfuniko kompresa itawaka bure.

Weka regulata (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) ya kaboni dioksaidi kwenye psi (kipimo cha presha) 10 hadi 12. Bia itakolea gesi kwa wiki moja hadi mbili. Paka maji ya sabuni kila kiungo, maana tundu dogo tu huweza kumaliza mtungi usiku mmoja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama ndani ya friza, kwa hiyo chumba kiwe na madirisha, na usiinamishe kichwa ndani mara tu ufunguapo.

Linalosumbua zaidi ni povu. Wengi hukimbilia kupunguza presha, na hapo bia hupoteza gesi ndani ya mpira unaoipeleka bombani na povu linazidi. Tazama kwanza urefu wa mpira: wenye tundu la milimita 5 unahitaji kama mita 3 ili bia ipunguze kasi kabla ya kufika bombani. Kama glasi ya kwanza tu ndiyo inayojaa povu, tatizo ni joto: baridi hushuka chini, bomba liko juu. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ikipuliza kutoka sakafuni kuelekea kwenye fremu, huondoa tatizo hilo. Vilevile fungua bomba mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Likifunguliwa nusu hutoa povu hata kama kila kitu kiko sawa.

Unyevu hutuama ndani, basi weka kopo la chembe za kufyonza maji ulikaushe likishiba. Mipira ioshwe kwa dawa yake kila kegi inapobadilishwa.