Kamera inaonesha vivuli tu usiku? Shughulikia taa kwanza

Wakuu, siku hizi Mtwara kamera zimejaa, madukani, kwenye mageti, mpaka maghala ya korosho, ila omba uoneshwe video ya usiku uone, kivuli kinapita, sura hamna. Mwenye duka anakimbilia kamera ya megapikseli nyingi na mara nyingi hela inapotea, maana ukijaza pikseli nyingi kwenye sensa (kile kijichipu cha kamera kinachopokea mwanga) yenye ukubwa uleule kila moja inaambulia mwanga kidogo zaidi.

Giza likizidi kamera inaacha shata (kile kipitisha mwanga) wazi muda mrefu afu inapandisha geini, yaani inakuza ishara ya picha kwa nguvu, ndo maana mtu akitembea anaburuzika kama moshi na picha inajaa chengachenga, na hizo chenga zinakula diski ya DVR, ile mashine ya kurekodi, vilevile.

Anza kwa kuzima vitaa vya infraredi (mwanga ambao jicho halioni vizuri ila kamera inauona) vilivyomo ndani ya kamera kama setingi inaruhusu. Vimekaa ubavuni kwa lenzi kabisa, kwa hiyo vumbi au tone la mvua likipita karibu linang'aa jeupe linaziba kila kitu, na ukuta au ukingo wa bati ulio karibu unafanya hivyohivyo. Taa mpya ifunge mbali na kamera, hata mita moja au mbili pembeni, itazame kulekule kamera inakotazama, isiipige lenzi usoni.

Taa gani sasa? Kwa geti la nyumba ya kawaida mimi nachagua LED nyeupe, wati 20 au 30 inatosha, picha inabaki ya rangi na mwizi mwenyewe anajiona yuko mwangani. Kama majirani watalalamika, chukua taa ya infraredi ya nje ya volti 12. Ya nm 850 (nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) inafika mbali ila ukiitazama ina wekundu kwa mbali, ya nm 940 haionekani kabisa lakini inafika karibu. Na kwenye infraredi usiende polisi ukaapa kwamba jamaa alivaa nyeupe, kuna vitambaa vyeusi vinatokea vyeupe kabisa.

Taa za sensa zinazowaka mtu akipita zina kaugonjwa kake: taa ikiwaka ghafla kamera inahangaika kuhama kutoka picha nyeusi-nyeupe kwenda ya rangi, sekunde kadhaa huoni kitu, na ndo sekunde ulizokuwa unazihitaji. Afadhali kataa kadogo kawake usiku kucha.

Angalia na upana wa mwanga, lenzi ya milimita 2.8 inaona eneo pana sana, ukiipa taa inayomulika kwa pembe ya nyuzi 30 tu unapata duara jeupe katikati na giza pembeni. Umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo taa mbili ndogo zilizogawana uwanja zinaishinda moja kubwa.

Kwa walioko Shangani, Mikindani au ufukweni Lindi, chumvi inakula kila kitu, nunua taa yenye alama ya IP66, yaani haiingizi vumbi wala maji yanayorushwa kwa nguvu, ziba maungio ya waya kwa silikoni na futa vioo kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Umeme ukikatika taa ya ukutani inazima, ile ya volti 12 unaweza kuiunga kwenye betri pamoja na kamera.

Ukimaliza kufunga subiri usiku usio na mbalamwezi, mwambie kijana atembee kutoka getini mpaka mlangoni, afu tazama kilichorekodiwa, sio laivu. Sura ikitoka nyeupe pee inamisha taa kidogo au isogeze, halafu atembee tena.