Kulala kwa hema kwa tamasha la kantri Nairobi bila kuganda

Watu wakisikia tamasha la muziki wa kantri wanakimbilia soko la Gikomba kutafuta kofia na buti. Sawa, nunua, zinapendeza kwa picha, lakini saa tisa usiku hiyo kofia haina kazi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi digrii 10 hivi, so panga kulala kwanza, mavazi yatajipanga.

Baridi kubwa hutoka chini. Unaona mtu amebeba blanketi tatu za kujifunika na chini ametandika leso moja, huyo atapiga meno mpaka asubuhi. Tandika turubai, juu yake godoro la foma ama hata katoni zilizofunguliwa, ndio uweke slipingi bagi, halafu shuka la Kimaasai juu ya zote. Turubai lisitokeze nje ya hema ju mvua ikinyesha litakinga maji na kuyaleta chini yako. Soksi na mavin (kofia ya sufu) za kulala ziweke kando, usizivae ukicheza densi. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya hema ati mpate joto, hata kama makaa yamebaki mawili, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Fika kabla giza ndio uchague mahali. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hivyo vyoo viwe magharibi yako, na jenereta iwe mbali kabisa. Ukiwa pande za Lang'ata ama Athi River kwenye ule udongo mweusi wa bleki koton, pigilia pegi ndefu, kichwa kikiinama mbali na hema, ju ukilowa unalainika zinang'oka na viatu vinakuwa vizito kama umevaa ugali.

Nyama choma na mutura utapata hapo, kwa bei ya tamasha lakini. Mimi ningebeba chapati, mayai ya kuchemsha na themosi ya chai ya tangawizi. Beba pia keshi kidogo, netiweki hulemewa watu wakijaa.

Kuhusu muziki sina mengi, ila kama Sir Elvis, yule mwimbaji wa kantri wa Kenya, yuko kwa orodha usiende foleni ya chakula wakati huo. Na bendi ikigusa nyimbo za Jim Reeves sogea mbele, huyo jamaa wa kantri wa Marekani alikufa 1964 na bado wazee wetu wanamjua neno kwa neno, wanaamka vitini wawili wawili na hapo vijana wote wanatoa simu.

Asubuhi hema litakuwa na umande, na ukiwa na haraka utalikunja tu hivyo. Basi ukifika nyumbani lianike kwa kamba siku hiyo hiyo, usingoje wikendi, ju ikishaota ukungu ile harufu haitoki.