Mambo ya kuzingatia kabla ya kusia mbegu ndani ya nyumba

Kabla hujafungua hata pakiti moja ya mbegu, fahamu ni lini jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi kali, huanguka kwa mara ya mwisho katika msimu wa baridi mahali unapoishi kwa kawaida, kwa sababu hesabu zote huanzia hapo na kurudi nyuma. Vitunguu, petunia na begonia, ambazo hukua polepole mno, husiwa wiki 10 hadi 12 kabla ya tarehe hiyo; pilipili hoho na bilinganya, wiki 8 hadi 10; nyanya, wiki 6 hadi 8. Kabichi na brokoli husiwa karibu wakati mmoja na nyanya, ila kwa kuwa huvumilia baridi, hutolewa nje wiki mbili au tatu mapema zaidi. Karoti na figili usihangaike nazo ndani. Zipande moja kwa moja bustanini.

Matango, maboga na matikiti yahesabie wiki 3 au 4 tu, na usijiongezee hata moja. Jirani yangu alisia nyanya na matango siku moja, wiki 12 kabla ya jalidi ya mwisho, akiamini kwamba anayetangulia kusia ndiye atakayetangulia kuvuna. Matango yalitambaa dirishani na kushikana kwa vikono vyake, hata ikawa kuyatenganisha ni kuyavunja, na nyanya zikarefuka, zikalalia kioo na kutoa maua zikiwa bado kwenye vikopo. Alipozitoa ili azipandikize, udongo ulikuwa hauonekani tena. Ilikuwa mizizi mitupu, myeupe, iliyojizungusha kufuata umbo la kopo. Huko bustanini zilidumaa wiki kadhaa bila kuongeza jani, na miche aliyolazimika kuinunua baadaye, mifupi na yenye mashina manene, ikazipita na kuzaa kwanza. Ukisitasita kati ya wiki mbili, chagua ile ya baadaye.

Vyombo viwe na matundu chini. Udongo uwe mwepesi na safi, usiochotwa bustanini, na usiumwagilie hadi ukatota, kwani kinyausi, ugonjwa wa miche michanga, hukata mche usawa wa udongo na kuulaza kwa usiku mmoja. Mbegu za nyanya na pilipili huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27 za selsiasi. Zile za petunia na begonia ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze juu ya udongo bila kuzifukia. Miche ikishachomoza, dirisha peke yake mara nyingi halitoshi: iwashie taa saa 14 hadi 16 kwa siku, ikae sentimita chache juu ya majani, na uipandishe kadiri miche inavyokua.

Usiitoe miche ghafla. Izoeze kwa siku 7 hadi 10, ukianza na saa moja au mbili kivulini, mbali na upepo, kisha uongeze muda na jua kidogo kidogo. Kumbuka pia kwamba tarehe ya jalidi ni wastani tu, na mwaka wowote inaweza kuanguka baada ya hapo; weka karibu kitambaa cha kufunikia, bakiza miche michache ya akiba ndani, andika majina kwenye vyombo, na jioni ikiwa tulivu isiyo na mawingu, toka ukaifunike kabla hujalala.