Kabla ya kupiga dawa sukuma, tafuta nzi wa maua

Vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wakiingia kwenye sukuma wiki, wakulima wengi wa Kangemi, Dagoretti na Kasarani hukimbilia pampu. Naomba kwanza ugeuze majani matatu manne, uangalie upande wa chini. Huenda msaidizi wako ameshafika.

Msaidizi huyo ni nzi wa maua. Wengi humwua wakidhani ni nyuki au nyigu, kwa sababu ya mistari ya njano na nyeusi tumboni. Hana mwiba. Ana mabawa mawili tu, ilhali nyuki ana manne. Macho yamejaa kichwa kizima, vipapasio vya kichwani ni vifupi mno, na huelea hewani pasipo kusogea kisha huchomoka ghafla. Aina moja, Ischiodon aegyptius, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika, ana pia ukingo wa njano pande zote mbili za kifua.

Nzi mwenyewe hula chavua na maji matamu ya maua. Mla vidukari ni funza wake. Jike hutaga mayai meupe, moja moja, mfano wa punje za mchele zenye urefu wa milimita moja hivi, pale pale penye vidukari. Siku chache baadaye hutoka funza wa kijani au kahawia, asiye na miguu, aliyechongoka upande wa mbele. Humnasa kidukari, akamfyonza hadi likabaki ganda. Funza mmoja anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla hajageuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Inaniuma sana kuona akipondwa kwa kudhaniwa kiwavi. Kiwavi ana miguu na hutoboa jani. Huyu jani halimhusu kabisa.

Nairobi nzi huyu huonekana mwaka mzima, ila wingi wake hufuata maua na chakula. Mvua kubwa ya masika huosha vidukari. Ikipungua, magugu na vichaka vya kandokando ya misitu ya Karura na Ngong huchanua, naye huongezeka. Julai, kukiwa na baridi na mawingu, mtafute jua likitokeza mawinguni katikati ya asubuhi. Wakati mgumu ni Januari na Februari: vidukari huzaana kwa kasi na maua ni haba. Kwa hiyo acha mstari mmoja wa dania uchanue, na panda mstari mwingine kila baada ya wiki mbili tatu ili maua yasikatike. Kwangu hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote.

Angalia pia sisimizi. Hulinda vidukari kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa na kufukuza wanaowala.

Ukikosa mayai na funza, na vidukari wameshafika kwenye moyo wa mmea, ng'oa majani yaliyojaa na uwaoshe waliobaki kwa maji ya nguvu. Hata maji ya sabuni humwua funza yakimpata, basi nyunyiza penye vidukari tu, jioni, mbali na dania iliyochanua.