Kabla gari la Malindi halijapanda Nairobi

Nilipolipeleka gari langu Nairobi mara ya kwanza, dashibodi ilionyesha kilomita 62,000 tu, na kila aliyechungulia alisema bado bichi. Kwa miaka minne lilikuwa halijavuka daraja la Kilifi. Kazi yake ilikuwa kutoka Muyeye kwenda shuleni asubuhi, kutoka shuleni kwenda dukani, saa saba kuwafuata watoto, jioni sokoni. Tulipokaribia Taru, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikapunguza mwendo, nikafungua vioo, haukushuka. Tukakaa kando ya barabara, watoto kwenye kivuli cha mgunga, malori yakitupita kwa kishindo, mpaka injini ikapoa kiasi cha kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyokuwemo yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa.

Tulijikongoja hadi Mackinnon Road. Fundi wa pale, kabla hajashika spana, aliuliza, "Mzee, gari hili linaishi wapi?" Nikamwambia Malindi. "Na maji ya rejeta unateka wapi?" Kisimani nyumbani. Akatikisa kichwa, akaniambia gari limezoea kwenda sokoni tu, na mimi nimelitoa sokoni moja kwa moja hadi kwenye mlima.

Likizo ya Desemba ikikaribia, watu wengi wa huku hufanya kama nilivyofanya mimi: wanaosha gari, wanajaza tangi, wanaondoka. Kwa hiyo naandika yale ambayo natamani mtu angeniambia wiki mbili kabla. Nasema wiki mbili kwa sababu mengine hayarekebishiki usiku wa kuamkia safari.

Kwanza, usiisome kilomita peke yake. Piga hesabu ya saa. Gari la mjini, ukijumlisha foleni ya tuktuk, matuta na kusubiri mtu nje ya duka injini ikinguruma, huenda wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kilomita 60,000 kwa mwendo huo ni saa 3,000 za injini kufanya kazi. Gari la barabara kuu linalokwenda wastani wa kilomita 75 kwa saa hufika kilomita hizo hizo kwa saa 800. Dashibodi inaonyesha namba moja kwa magari yote mawili, lakini injini moja imezunguka karibu mara nne ya muda wa mwenzake. Ndiyo maana fundi mzoefu akiuziwa gari la kilomita 140,000 zilizoliwa barabara kuu, hulitazama kwa jicho jema kuliko lile la kilomita 60,000 za mjini.

Na saa za mjini si saa nyepesi. Uchakavu mwingi wa injini hutokea inapowashwa ikiwa baridi. Oili imeshuka chini usiku kucha, na kwa sekunde za mwanzo vyuma vinasuguana vikiwa na utando mwembamba tu. Injini baridi huingiza petroli nyingi kuliko inayohitaji, na ile isiyoungua husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuichanganya oili chini. Uchomaji wenyewe hutoa mvuke wa maji. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, petroli hiyo na maji hayo huvukizwa yakatoka. Safari ya kilomita tatu haiwezi. Hewa yetu ina joto, kweli, na mshale wa maji hupanda haraka kuliko katika nchi za baridi, lakini oili huchelewa kupata moto nyuma ya maji. Unafika, unazima, uchafu unabaki ndani. Kesho tena.

Basi kabla ya safari badilisha oili na filta, hata kama kilomita za kubadilisha hazijafika. Vitabu vingi vya magari vina ratiba ya pili kwa matumizi magumu, na matumizi magumu yanayotajwa humo ni safari fupi, kusimama injini ikiwaka, vumbi na joto. Hayo yote tunayo. Mimi siku hizi nahesabu kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Ukichomoa kijiti cha kupimia, kinuse. Oili inayonuka petroli inakwambia maisha ya gari hilo kuliko mwenyewe anavyoweza kueleza.

Sasa rejeta, ambayo kwangu ndiyo iliyoleta msiba, na ndiyo naomba uipe muda zaidi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi na chokaa. Yakizunguka ndani ya injini ya moto, huacha magamba kama yale ya ndani ya birika, na vijia vyembamba vya rejeta huziba kimoja kimoja. Mjini hutajua. Safari inakwisha kabla joto halijakusanyika, na mzigo wa injini ni mdogo. Lakini ukitoka Mariakani unaanza kuupanda ule mwinuko mrefu ambao jicho halioni ni mlima: kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,700. Injini inasukuma watu watano, mizigo, kiyoyozi, na upepo unaolipinga gari. Upepo huo si mdogo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kukupinga huongezeka mara nne. Joto linalozalishwa halifanani kabisa na la kwenda sokoni, na nusu ya vijia imeziba.

Mwambie fundi amwage maji yote, asafishe rejeta na injini mpaka maji yatoke meupe, kisha ajaze kulanti, yale majimaji maalumu ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, kama yale ya betri, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkebe. Minya mipira ya rejeta kwa vidole injini ikiwa baridi: uliolegea kama utumbo au wenye nyufa ubadilishwe. Tazama mpira wa ndani wa kifuniko. Feni ijiwashe yenyewe gari likiwa limesimama. Na hapa nina neno na mafundi wetu. Wengi hung'oa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, wakisema huku pwani haina kazi. Ina kazi. Ndiyo inayoiwezesha injini kupata moto upesi na kubaki na moto unaofaa, na gari la safari fupi ndilo linaloihitaji kuliko yote. Ukikuta imeng'olewa, rudisha. Na ukipatwa njiani, usifungue kifuniko rejeta ikiwa ya moto. Maji yanayochemka ndani ya shinikizo hukurukia usoni.

Matairi. Mjini tairi huisha kwa kona, kwa kokoto, kwa kupanda ukingo wa barabara. Mengine hayaishi kabisa. Yanazeeka juani yakiwa bado na meno, na hayo ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu yanadanganya macho. Piga magoti kando ya gurudumu, futa vumbi ubavuni, utafute tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Ukisoma 3517, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Kisha lipinde kidogo kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kufika miaka mitano au sita, na lisivuke kumi hata likiwa na meno. Mimi sisubiri kumi, kwa jua hili. Tairi la mtumba linalosemwa ni jipya lisome tarehe kabla hujatoa pesa, na tairi la akiba pia, maana hilo mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.

Upepo upime asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja ni joto. Kwa mwendo wa mjini joto hilo hutoka. Kwa kilomita 100 kwa saa, saa tatu mfululizo, na lami ya Manyani mchana, halitoki, na tairi hupasuka.

Kuna kasoro ambazo mji hauwezi kuzionyesha hata ukikaa nao miaka kumi. Magurudumu yasiyo na mizani hayatikisiki mpaka ufike kama kilomita 80 kwa saa. Hapo usukani unaanza kutetemeka mikononi. Beringi ya gurudumu iliyochoka hunguruma kwa mwendo tu. Kwa hiyo, wiki moja kabla, litoe gari barabara ya Gede hadi Kilifi na kurudi, redio imezimwa, peke yako. Sikiliza. Ukipita matuta, kishindo cha chuma kwa chuma ni bushi, boljointi au shokamzoba. Matuta ya mjini yamezitafuna muda mrefu nawe umezoea sauti.

Breki za mjini huisha haraka, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba breki moja ya mwendo mkubwa si sawa na breki moja ya mtaani: gari linalokwenda kilomita 100 lina nguvu mara nne ya lile la kilomita 50, na yote lazima igeuzwe joto na pedi zile zile. Pedi ikibaki milimita tatu, ibadilishe kabla hujaondoka, usingoje iliyo nyembamba ikufikishe. Pitisha ukucha ukingoni mwa diski. Ukikwama kwenye kigingi, diski imelika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Yakishanyonya, huchemka mapema na kanyagio huzama mguuni. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Wale wanaoacha magari Mokowe wakivuka kwenda Lamu wana shida nyingine: gari halisogei wiki nzima au mwezi, upepo wa chumvi unalipiga, na diski hushika kutu. Kutu nyepesi huondoka kwa kukanyaga breki mara kadhaa taratibu. Lakini kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi kwenye diski, ikiganda haiachii hivyo; itabana pedi njia nzima hadi zitoe harufu ya kuungua.

Gia za otomatiki huumia mjini kuliko mahali popote, kwa kubadilisha gia kila dakika na kuteleza katika joto. Mafuta yake yakiwa yameungua, yananuka na kuwa ya kahawia, yabadilishe. Ila usikubali kuwekewa aina yoyote iliyopo dukani, hasa kwa gia za CVT, zile otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za meno, ambazo zina mafuta yake. Betri ipimwe, maana safari fupi haziirudishii chaji iliyotumika kuwasha, na ule unga mweupe kwenye vichwa vyake uoshwe kwa maji ya moto.

Njia yenyewe ichague mapema. Ukivuka Kilifi unaweza kukata Mavueni, upite Kaloleni utokee Mazeras, usiingie Mombasa kabisa. Mimi naipenda kwa sababu injini haipiti katika foleni ya mji kabla ya kuanza kupanda. Jumla ukipitia Mombasa ni takriban kilomita 600: 120 hadi Mombasa, na kama 485 hadi Nairobi. Ondoka alfajiri, upite Taru kabla jua halijakaza, hasa wakati wa kaskazi. Beba lita kumi za maji ya bomba, kulanti ya ziada, jeki uliyoijaribu mwenyewe, na spana ambayo umehakikisha inafungua nati zako.

Usilikimbize gari kilomita za mwanzo. Likifika Kilifi, simama bila kubana breki kwa nguvu, shuka, na uzunguke magurudumu yote manne ukisogeza kiganja karibu na rimu, pasipo kuigusa. Yote yanatakiwa kuwa na joto linalokaribiana, ya mbele yakizidi kidogo. Moja likikurudishia joto kali kuliko mwenziwe wa upande wa pili, breki imeganda au beringi inakwisha, na Kilifi kuna mafundi. Mbele ya Samburu, ile ya barabara hii kabla ya Taru, utawatafuta.